Upasuaji wa kupunguza uzito: jua kama unakufaa kabla hujapanda treni kwenda Dar es Salaam

Watu wengi wanaouliza habari za upasuaji huu huanza na bei, kisha huuliza watapungua kilo ngapi. Yote mawili ni ya haki, ila yamewahi. Kwanza ujue kama upasuaji wenyewe unakufaa, na hapo majibu ni matatu: ndiyo, hapana, au bado. "Bado" ndilo jibu lenye kazi nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kutoka kwenye "bado" kwenda "ndiyo", au kugundua mapema kwamba kumbe ni "hapana" ukaokoa fedha na afya yako.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Puto la tumboni si upasuaji. Linaingizwa kwa mdomo kwa kutumia mpira wa kamera, linajazwa maji ya chumvi yanayokaribia nusu lita, linakaa miezi sita (aina nyingine mwaka mmoja), kisha linatolewa. Upasuaji wa kukata tumbo huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kilichobaki kinakuwa kama ndizi nyembamba. Kilichokatwa hakirudishwi. Upasuaji wa njia ya mkato hutengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, pungufu hata ya kikombe cha kahawa chungu ya kijiweni, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Siku hizi vyote viwili hufanywa kwa matundu madogo. Mloganzila, Dar es Salaam, ni miongoni mwa hospitali za umma zilizokwisha kutoa huduma ya puto na ya upasuaji.

Kwa mkazi wa Dodoma, Singida au Manyoni, pa kuanzia ni karibu na nyumbani: kliniki ya magonjwa ya ndani au ya upasuaji katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wengi tunaiita General. Nusu ya kazi ya kujua kama unafaa inaweza kumalizikia hapo.

Hatua ya 1: Pima uzito na urefu kama inavyotakiwa

Kipimo kinachofungua mlango ni BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu ni rahisi. Kinachokosewa ni vipimo.

Tazama mfano huu. Mama ana kilo 93 na urefu wa mita 1.62. Zidisha 1.62 kwa 1.62 upate 2.62, kisha gawanya 93 kwa 2.62. BMI yake ni 35.4. Mama huyohuyo akipimwa akiwa na viatu vya kisigino cha sentimita tatu, urefu unaandikwa 1.65 na BMI inashuka hadi 34.2. Viatu tu vimemvusha mstari wa 35, na faili lake litasomwa tofauti na kila atakayelifungua.

Kwa hiyo vua viatu, fungua kilemba, toa wigi au rasta zilizofungwa juu. Simama visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Pima uzito asubuhi kabla ya kula, baada ya kwenda haja, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani mingi ya bafuni huishia kilo 120, 130 au 150, na ukipita hapo hutoa namba ya uongo au haionyeshi kitu. Ukifika huko, nenda kapimwe hospitalini. Usiikadirie namba kichwani.

Ukiwa na futi ya fundi cherehani, pima na kiuno: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Zaidi ya sentimita 102 kwa mwanaume au 88 kwa mwanamke ni dalili kwamba mafuta yamejaa ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yanayoleta kisukari na presha. Pima na shingo, utaihitaji mbele.

Hatua ya 2: Umefika kwenye mstari?

Kwa miaka mingi madaktari duniani walitumia makubaliano ya Marekani ya mwaka 1991: BMI 40 na kuendelea, au 35 ikiambatana na ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza mstari. Sasa BMI 35 na kuendelea inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine. Kati ya 30 na 34.9 upasuaji unaweza kufikiriwa kama una kisukari cha aina ya pili au ugonjwa mwingine unaohusu namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, au kama njia nyingine zimejaribiwa vizuri zikashindwa. Kwa watu wenye asili ya Asia mstari unaanzia chini zaidi, 27.5, kwa sababu kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo.

Hospitali nyingine bado zinafuata mstari wa zamani, nawe ukikataliwa ukiwa na 36 bila ugonjwa wowote, sababu yaweza kuwa hiyo. Uliza kwa upole wanatumia vigezo vipi.

Chini ya 30 (au 27.5 kwa wenye asili ya Asia), jibu ni hapana. Mtu mwenye BMI 28 anayetaka tumbo lake liwe bapa kabla ya harusi hahitaji kukatwa mfuko wa chakula, na daktari anayekubali kumkata aogopwe.

Umri hauna mstari mkali upande wa juu. Kinachoangaliwa ni nguvu za mwili: mzee wa miaka 66 anayepanda ngazi mwenyewe anaweza kufaa kuliko wa miaka 50 asiyeweza kuinuka kitini. Walio chini ya miaka 18 hupimwa kwa chati za ukuaji, nao wanahitaji kituo chenye timu ya watoto.

Hatua ya 3: Tafuta kilichokunenepesha

Hatua hii hurukwa mno, na ndiyo inayowaangusha watu baadaye. Kama kuna kitu kinakujaza uzito kila siku na hakijaondolewa, upasuaji utashindana nacho, na mwisho kitu hicho kitashinda.

Anza na dawa. Toa kila unachotumia, vidonge, sindano na mafuta ya kupaka, viweke mezani. Dawa zinazoongeza uzito ni pamoja na prednisoloni na deksamethasoni, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini, valproati ya kifafa, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Usiache hata moja kwa kujiamulia. Daktari aliyekuandikia anaweza kuwa na mbadala.

Kisha kuna zile ambazo watu hawazitaji. "Vidonge vya kunenepesha" na "vya makalio" vinavyouzwa kwa kificho mara nyingine huwa na deksamethasoni ndani, na mikorogo ya kujichubua huwa na klobetasoli, steroidi kali inayopenya kwenye ngozi. Ukizitumia muda mrefu uso huwa duara, mafuta hujikusanya shingoni kwa nyuma, tumbo huota michirizi myekundu au ya zambarau, presha na sukari hupanda, lakini mikono na miguu hubaki myembamba. Huo ni ugonjwa wenye tiba yake, na upasuaji wa tumbo si tiba hiyo. Tena ni hatari kuingia chumba cha upasuaji ukiwa umeficha jambo hili: tezi za juu ya figo zimelala, na mwili uliozoea steroidi ya kupaka unaweza kuishiwa presha mezani. Vilevile usizikatishe ghafla. Mwambie daktari, na kama unaona haya, mwandikie kwenye karatasi.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi wanajua kwamba tangu TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu, dolutegraviri ikiwamo) ianze, baadhi yao, hasa wanawake, wamenenepa. Ni kweli, dolutegraviri inahusishwa na kuongezeka uzito. Hilo si ruhusa ya kuacha dawa. Kuwa na VVU hakukunyimi upasuaji, mradi wingi wa virusi umefubazwa na kliniki yako ya VVU (CTC) wanajua mpango wako. Ila lipo jambo la kukumbuka milele: baada ya upasuaji utameza kalsiamu na chuma, na madini hayo huizuia dolutegraviri isiingie mwilini. Imeze saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake. Asiyeambiwa hili anaweza kuona virusi vinapanda huku akimeza dawa kila siku.

Mwisho, pima tezi ya shingo (TSH). Tezi ikiwa mvivu inatibiwa kwa kidonge. Haitakupunguza kilo 40, lakini isiachwe nyuma.

Hatua ya 4: Magonjwa yanayokusogeza na yanayokuzuia

Kisukari cha aina ya pili, presha, ini lenye mafuta, kukoroma kunakokata pumzi na magoti yaliyochakaa ni sababu za kukusogeza mbele kwenye foleni. Kisukari hasa: kwa wengi sukari huanza kushuka siku za mwanzo baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujaondoka. Aliyeugua miaka miwili na anatumia metformini peke yake ana nafasi kubwa ya kupona au kukaribia kupona kuliko aliyeugua miaka 15 na anajidunga insulini.

Lakini ugonjwa unaokusogeza uwe umetulizwa kwanza. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikisoma zaidi ya asilimia 8, timu nyingi zitakurudisha ukadhibiti sukari, kwa kuwa vidonda havifungi vizuri. Presha ya 180 kwa 110 siku ya upasuaji kwa kawaida inaahirisha shughuli. Hizi ni "bado", wala si kukataliwa.

Yanayozuia kabisa au kwa muda ni haya. Mimba, au mpango wa kupata mimba ndani ya miezi 12 hadi 18. Moyo ulioshindwa usiotulizwa. Saratani inayoendelea. Ini lililosinyaa lenye mishipa iliyovimba. Ulevi na dawa za kulevya. Ugonjwa wa akili usiotibiwa, au mawazo ya kujiua. Na hili ambalo watu hudhani ni dogo: kutoweza kumeza vitamini na kurudi kliniki maisha yote.

Kwa kina mama, tahadhari. Unene hufunga uzazi, na kupungua huufungua. Mwanamke aliyekaa miaka saba bila kushika mimba anaweza kushangaa mwezi wa nne. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri baada ya njia ya mkato, kwa hiyo kijiti au kitanzi kiwekwe kabla ya upasuaji.

Sigara iachwe angalau wiki sita kabla na isirudiwe. Baada ya njia ya mkato, sigara na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huchimba kidonda mahali tumbo liliposhonwa na utumbo. Kama mgongo wako hauendi bila diklofenaki, sema mapema, maana inaweza kubadilisha aina ya upasuaji utakaofanyiwa.

Hatua ya 5: Muulize unayelala naye

Kukoroma si kichekesho hapa. Pumzi inayokatika usingizini ndiyo inayomnyima raha daktari wa usingizi (anayekulaza kwa ajili ya upasuaji), kwa sababu baada ya dawa za nusukaputi na za maumivu koo hulegea zaidi. Jipe alama moja kwa kila "ndiyo": unakoroma hadi chumba cha pili wanasikia, unachoka na kusinzia mchana, mtu amekuona ukiacha kupumua usingizini, una presha, BMI imezidi 35, umri umezidi 50, shingo imezidi sentimita 40, wewe ni mwanaume. Alama tatu au nne ni za kuangaliwa, tano na kuendelea ni hatari kubwa. Maswali mawili huwezi kujijibu mwenyewe, kwa hiyo muulize mwenzako, au mtoto anayelala chumba cha jirani.

Alama zako zikiwa tano, ziandike na umwonyeshe daktari wa usingizi. Atapanga kipimo, mashine ya kusukuma hewa, au uangalizi wa karibu usiku wa kwanza.

Hatua ya 6: Jaribio la wiki nne

Hili halipo kwenye fomu za hospitali, lakini tunalithamini kuliko fomu. Kabla ya kulipa chochote, ishi wiki nne kama mtu aliyekwisha kufanyiwa. Kula mara tatu kwa siku, kwa saa maalumu. Kila mlo uchukue dakika 20 hadi 30, tonge dogo, litafunwe hadi liwe uji. Usinywe chochote wakati wa kula, na ukimaliza subiri nusu saa. Kunywa lita moja na nusu ya maji kwa siku kwa mafunda madogomadogo. Kwa jua na upepo mkavu wa Dodoma, anayeshindwa maji akiwa mzima atashindwa zaidi tumbo likiwa limekatwa, na upungufu wa maji ni sababu ya kawaida ya kurudishwa hospitalini wiki za mwanzo.

Anza kila mlo na protini hadi ufikishe gramu 60 kwa siku. Kwa chakula chetu, siku inaweza kwenda hivi: mayai mawili asubuhi (gramu 12), glasi ya mtindi usio na sukari (8), kipande cha perege wa Mtera chenye gramu 100 za nyama tupu (20 na ushee), nusu kikombe cha maharage (7), na jioni kipande cha kuku kinachoenea kiganjani (17 hivi). Umefika 60 na ushee. Ugali unakuja baadaye, kama nafasi ipo. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka. Tumbo lililokatwa likianza na ugali wa mtama na mlenda, linajaa kwa matonge manne na samaki anabaki kwenye sahani. Baada ya miezi sita nywele zinang'oka kwenye kitana, misuli inaisha, na mtu analaumu upasuaji.

Andika kila kitu kwenye daftari, hasa vinywaji. Vikombe vinne vya chai kwa vijiko vitatu vya sukari ni vijiko 12, karibu gramu 48. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na gramu 35 hadi 45 peke yake. Hivi vinapita kwenye tumbo lililokatwa kama maji kwenye mfereji, havizuiwi na chochote. Mtu ambaye uzito wake umetokana na soda, juisi, ubuyu wa sukari na uji mtamu atapungua mwaka wa kwanza na kurudi mwaka wa tatu. Kwa aliyefanyiwa njia ya mkato sukari nyingi huleta pia jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kunyonga na kuharisha dakika chache baada ya kunywa.

Na pombe. Baada ya upasuaji, hasa wa njia ya mkato, pombe hupanda kichwani haraka na kukaa muda mrefu, na uraibu huongezeka miaka inayofuata. Glasi moja ya mvinyo wa Dodoma inaweza kukulaza kama tatu za zamani. Kama katika wiki nne umeshindwa kukaa bila kunywa, umepata jibu muhimu kuliko BMI.

Hakuna anayepata alama kamili. Tunachotafuta ni daftari lililojazwa kwa ukweli siku 20 kati ya 28, na mtu anayejua anaangukia wapi. Aliyeleta daftari safi kupita kiasi hutufanya tuwe na mashaka.

Hatua ya 7: Kichwa na nyumba

Jiulize unakula lini wakati huna njaa. Ukila usiku wa manane ukiwa peke yako hadi tumbo kuuma, kisha ukaona aibu, na ikatokea mara kwa mara, huo ni ugonjwa wa kula na unatibika. Onana na mtaalamu wa saikolojia kabla ya upasuaji, kwa sababu kisu hakifiki huko.

Upande wa nyumba, swali ni nani anapika na nani analeta. Kwenye familia zetu kukataa chakula ni kumkataa mpishi. Mama mkwe aliyechinja kuku hataelewa vijiko vitano. Afadhali mumeo au mkeo azungumze naye mapema, kazi hiyo usiachiwe wewe mgonjwa.

Na liko jambo zito ambalo vipeperushi vya ng'ambo havitaji. Huku kwetu mtu akikonda haraka, mtaani husemwa ana ngoma. Kilo 30 zikiondoka ndani ya miezi minane, majirani wa Chang'ombe au Nkuhungu watahesabu. Wapo walioanza kula ovyo ili wanyamazishe maneno. Amua mapema utamwambia nani ukweli, na wengine utawajibu nini. Sentensi moja fupi inatosha: "Nilikuwa na kisukari, nimetibiwa." Ngozi nayo italegea, tumboni, mikononi na matitini. Haitarudi kwa mazoezi, na kuiondoa ni upasuaji mwingine na gharama nyingine.

Halafu pima matumaini yako kwa hesabu. Upasuaji wa kukata tumbo huondoa takriban robo ya uzito wote, njia ya mkato karibu asilimia 30, na puto karibu asilimia 10. Mwenye kilo 110 na urefu wa 1.62 akipunguza robo atabaki na kilo 83 hivi, na BMI yake itakuwa karibu 32. Bado vitabu vitamwita mnene. Lakini sukari inaweza kuwa imetulia na magoti yanapanda ngazi. Kama hilo halikutoshi na unataka kilo 60 kamili, rudi ufikirie tena.

Hatua ya 8: Umbali na mfuko

Hapa watu wa Dodoma wana hesabu ambayo mtu wa Dar es Salaam hana. Ni kilomita 450 hivi. SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imefupisha safari, lakini tumbo likivuja usiku wa siku ya sita, treni si gari la wagonjwa.

Mshono kuvuja hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya 100, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo ingawa waweza kuchelewa. Kwa hiyo panga malazi karibu na hospitali ya upasuaji kwa wiki mbili, na hayo yaingie kwenye bajeti. Ukirudi, inuka na tembea ndani ya treni kila saa, maana damu kuganda kwenye mguu na kurukia mapafuni ni miongoni mwa yanayoua zaidi baada ya upasuaji huu. Usirudi kwa basi la usiku ukiwa umekunja magoti.

Beba muhtasari wa upasuaji wenye jina la aina iliyofanywa, upeleke hospitali ya Dodoma itakayokupokea. Yeyote atakayekuhudumia ajue haya: mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka au ya bega la kushoto ni kuvuja hadi ithibitike vinginevyo, hata kama tumbo ni laini. Na mgonjwa anayetapika kwa siku kadhaa apewe thiamini kwanza kabla ya dripu ya sukari. Glukosi ikitangulia, ubongo unaweza kuharibika ndani ya saa chache. Liandike kwenye kadi ya kutembea nayo, kwa maana kwenye zahanati dripu ndiyo inayokimbiliwa.

Fedha za kuuliza si za upasuaji tu. Orodhesha: vipimo vya kabla, malazi, vitamini za kila mwezi maisha yote (multivitamini, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, vitamini D, B12, chuma), na vipimo vya damu miezi 3, 6, 12, kisha kila mwaka. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja, viachane saa mbili. Nenda famasi ukaulize bei ya mwezi mmoja, zidisha kwa 12. Kama namba hiyo inakushinda leo, ni "bado". Kama una bima, omba jibu la maandishi juu ya kinachogharamiwa, upasuaji na marudio, usitegemee neno la mezani.

Vipimo vitakavyoamua

Utapimwa wingi wa damu, chuma, B12, sukari, figo, ini, mafuta, homa ya ini, VVU, mimba, moyo kwa ECG, na ultrasaundi ya tumbo kutafuta mawe ya nyongo, ambayo huongezeka mtu anapopungua haraka. Vinavyobadilisha uamuzi zaidi ni viwili: damu, na kamera ya tumboni.

Upungufu wa damu na chuma ni wa kawaida kwa kina mama zetu. Utibiwe kwanza, kwa sababu baada ya njia ya mkato chuma hunyonywa kwa shida. Kamera hutafuta vidonda na bakteria wa vidonda vya tumbo, ambaye huku kwetu ameenea sana. Atibiwe na kipimo kirudiwe kabla ya upasuaji, kwani baada ya njia ya mkato sehemu kubwa ya tumbo haifikiki tena kwa kamera ya kawaida. Kamera hiyohiyo husaidia kuchagua aina. Mwenye kiungulia kikali au mrija wa chakula uliobadilika kwa asidi hafai sana kukatwa tumbo, kwa sababu mfuko mwembamba huongeza mgandamizo ndani yake na kuirusha asidi juu. Huyo njia ya mkato inamfaa zaidi. Asiyeweza kuacha dawa za maumivu huelekezwa kinyume chake.

Mwenye BMI kati ya 30 na 35 asiye na kisukari, au asiyekuwa tayari kwa kisu, azungumzie puto au sindano za kupunguza uzito, semaglutidi na tirzepatidi. Zote mbili zikisitishwa bila mazoea kubadilika, uzito hurudi.

Ukikubaliwa, wiki mbili za mwisho utapewa mlo wa kalori 800 hadi 1200 kwa siku. Lengo ni kulifanya ini lenye mafuta lisinyae, maana limelala juu ya tumbo na daktari lazima alinyanyue. Wanaokula karamu ya kuaga wiki hiyo hulikuta ini limevimba, na upasuaji huahirishwa wakiwa tayari wamelala mezani. Mwenye insulini au glibenklamidi apunguziwe dozi kabla ya kuanza mlo huo, vinginevyo sukari itaanguka.

Siku ya kwanza ya kliniki nenda na bahasha yenye uzito wako wa miaka mitano iliyopita kadiri unavyokumbuka, dawa zote kwenye mfuko mmoja (pamoja na zile za kificho), daftari la wiki nne, alama za kukoroma, na mtu mmoja wa nyumbani atakayekaa nawe ndani ya chumba cha daktari. Muulize daktari wa upasuaji amefanya wangapi wa aina hiyo, wangapi walivuja, na namba gani utapiga saa nane usiku.